Mnunuzi Asiyeonekana: Githongo na Mustakabali wa Kazi

Mkulima wa chai wa Githongo, katika Kaunti ya Meru, amemfanyia kazi mnunuzi asiyemjua kwa vizazi viwili sasa. Huamka alfajiri akachuna majani mawili na chipukizi, akabeba kapu hadi kituo cha kupimia, akasubiri lori la kiwanda. Kuanzia hapo jasho lake huingia mikononi mwa watu ambao hatawaona maisha yake yote: madalali wa mnada wa Mombasa, wachanganyaji wa chai wa Uingereza, wanywaji wa Pakistan na Misri. Bei hupangwa kwa dola. Malipo ya kwanza huja kila mwezi, kiasi kidogo kwa kila kilo, na bonasi huja mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, ukubwa wake ukitegemea mambo ambayo mchunaji hawezi kuyagusa.

Basi tunapoambiwa kwamba teknolojia imeleta jambo lisilowahi kuonekana, yaani mtu kukaa kijijini kwao na kuwafanyia kazi watu wa ng'ambo, wakazi wa sehemu hii ya Imenti ya Kati wana haki ya kujibu kwamba wanalijua. Jipya ni lingine. Babu aliyeuza kwa mnunuzi wa mbali alikuwa na kiwanda ambacho yeye ni mwanahisa, mizani aliyoweza kuigombania, wakurugenzi aliowapigia kura na namba ya mkulima iliyomtambulisha benki. Mjukuu wake anayefanya kazi kwa kompyuta usiku hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana akaunti, na akaunti hiyo inaweza kufungwa usiku huohuo bila yeye kuambiwa kosa lake. Mjadala wetu kuhusu mustakabali wa kazi umekwama kwenye kasi ya intaneti na idadi ya kompyuta, ilhali swali zito ni hili la nani anasimama kati ya mfanyakazi na mnunuzi.

Githongo iko katika Abothuguchi, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Juu karibu na msitu ni chai, chini ni kahawa, na katikati kuna ndizi, parachichi, makadamia na ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini. Kuna kiwanda cha chai, hospitali ya serikali, soko na mahakama ya hakimu. Ardhi ni nzuri mno na haitoshi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru, na katika ukanda huu wa juu shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi wengine wamebakiwa na mistari michache ya michai. Kijana anayefungua kompyuta badala ya kushika jembe mara nyingi amepiga hesabu ya ekari na kuona kwamba mgao wake hautamlisha. Wazee wanaolaumu vijana kwa kuikimbia ardhi wangeanza kwa kuhesabu vipande.

Njia iliyomfikisha hapo ilijengwa kwa muda mfupi. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2009 nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na Kenya ikaacha kutegemea setilaiti za bei ghali. Mwaka 2016 serikali ilianzisha Ajira Digital, programu ya kuwafundisha vijana kutafuta kazi mtandaoni. Mwaka 2018 PayPal iliunganishwa na M-Pesa, kwa hiyo dola iliyolipwa Marekani ikaweza kutolewa kwa wakala wa soko la kijijini. Kisha ikaja Machi 2020 na korona. Ofisi za Nairobi zilifungwa, waliokuwa na shamba la wazazi wakarudi kabla barabara hazijafungwa mwezi Aprili, na mikutano ikafanyika kwa simu kutoka sebuleni kwa mama. Walio wengi walirudi mjini baadaye. Hata hivyo miezi ile ilionyesha hadharani kwamba mshahara wa mjini unaweza kuliwa kijijini, na tangu hapo imekuwa vigumu kumwambia kijana kwamba haiwezekani.

Tusichanganye makundi, lakini. Mtu anaposema "kazi za mtandaoni" mjini humaanisha mhandisi wa programu au mshauri mwenye mkataba, bima na likizo. Mfanyakazi wa aina hiyo akihamia Githongo huhama na haki zake zote, na anachohitaji ni stima na intaneti tu. Ni kundi dogo, linaendelea vizuri, na sitalizungumzia sana. Kazi ambazo teknolojia imezileta kwa wingi katika soko la kijijini ni za namna nyingine kabisa. Ya kwanza ni wakala wa M-Pesa. Ya pili ni saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti.

Saiba inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Serikali ya Kenya imehamishia huduma zake kwenye jukwaa lake la mtandaoni, eCitizen, na tangu katikati ya 2023 zaidi ya huduma 5,000 zinapatikana humo. Taarifa za kodi, mikopo ya HELB, maombi ya chuo kupitia KUCCPS, leseni ya udereva, usajili wa bima ya afya ya SHA iliyoanza Oktoba 2024, yote hujazwa kwenye skrini. Mama mwenye umri wa miaka sitini na simu ya vitufe hawezi kuyajaza. Huenda saiba, hukaa kwenye benchi, na msichana aliyemaliza kidato cha nne humjazia kwa ada ndogo. Msichana huyo anafanya kazi ambayo karani wa serikali alilipwa mshahara na pensheni kuifanya. Sasa mwananchi anamlipa mfukoni mwake, na serikali inahesabu kwamba imepunguza gharama. Kazi ya karani iko palepale, ila imehama kutoka meza yenye mshahara kwenda benchi lisilo na mshahara. Tukitafuta mustakabali wa kazi kwenye vituo vya teknolojia vya Nairobi pekee, tutaipita ajira hii ya kidijitali iliyo mlangoni petu.

Mahakama nayo imebadilika. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao ulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 Idara ya Mahakama ikautangaza kwa nchi nzima. Wakili wa Nairobi anaweza kuhudhuria kutajwa kwa kesi mbele ya hakimu wa mashambani akiwa mezani kwake. Mwenye kesi hulipa nauli chache na husubiri siku chache, na hiyo ni faida ya kweli kwa maskini. Lakini kila mahakama ndogo ya mashambani imezungukwa na uchumi wake: mwenye hoteli ya chapati na maharagwe, mpiga chapa, mwendesha boda boda anayewaleta mashahidi. Wakili asipokuja, hao hawamuuzii kitu. Sisemi tuurudishe mfumo wa zamani. Ila kazi inapohama kutoka mahali, kuna watu waliokuwa wakiishi kwa kule kuja kwake, na hao hawaonekani katika ripoti yoyote ya mafanikio.

Tufike sasa kwa mjukuu mwenye kompyuta. Kwa miaka kama kumi na tano vijana wa Kenya wamefanya kazi za aina tatu hasa kwa wateja wa nje. Kuna kunukuu sauti kuwa maandishi. Kuna kuandika: makala za tovuti, maelezo ya bidhaa na, tuseme ukweli, insha za wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Uingereza, biashara iliyowalipia karo vijana wengi wenye akili na ikawafundisha kwamba akili yao hulipwa ikivaa jina la mwingine. Uingereza ilipiga marufuku huduma hizo kwa sheria ya 2022 inayohusu elimu nchini England. Na kuna kuweka lebo kwenye picha na maandishi ili kompyuta zijifunze: hili ni gari, huyu ni mtembea kwa miguu, sentensi hii ni matusi.

Saa za kazi hizi ni za mnunuzi. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi wakati wa baridi, Githongo ni saa kumi na moja jioni, na ikifungwa, huku ni saa saba usiku. Kijana hulala majirani wakiwa karibu kuamka kwenda kuchuna chai, na kwa macho ya mtaa ni mvivu anayelala hadi saa nne. Mvua inapokuja na mti kuangukia nyaya, stima hupotea kijiji kizima. Katika miezi ya mwisho ya 2023 hata taifa zima liliingia gizani zaidi ya mara moja. Mteja wa ng'ambo hajui habari ya transfoma. Anaona kazi imechelewa na anashusha nyota za akaunti. Kiwanda cha chai cha Imenti, si mbali na hapa, kina kituo chake kidogo cha umeme wa maji, kwa sababu wakulima waliungana wakaona kwamba mashine haziwezi kusubiri. Mnukuzi mmoja mwenye bando la siku hana wa kuungana naye.

Akaunti hizo nazo zina siasa yake. Majukwaa mengi hufunga usajili wa nchi fulani, au hukubali wachache, na kwa hiyo akaunti yenye historia nzuri imekuwa mali. Hukodishwa. Hununuliwa. Mwenye akaunti hupokea dola, hukata fungu lake, na kumpa mfanyakazi kinachobaki. Sifa zote za kazi, nyota zote na maoni mazuri ya wateja, huandikwa kwa jina la mwenye akaunti, na siku wakigombana mfanyakazi huondoka mikono mitupu.

Mtu wa eneo la chai hahitaji kufafanuliwa hali hii. Asiye na namba ya mkulima huuza majani yake kwa wachuuzi wanaopita na magari usiku, kwa bei ya papo kwa papo, bila bonasi na bila kumbukumbu. Na hata penye namba, swali la jina limewaumiza wanawake kwa muda mrefu. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayechuna, anayebeba na anayesubiri kwenye foleni ya mizani, lakini namba ni ya mume, na bonasi inapoingia hutumwa kwa mwenye namba. Binti anayefanya kazi usiku kwa akaunti ya kaka yake au ya mwanamume wa mjini anapita njia ileile aliyopita mama yake. Programu za kufundisha wasichana kompyuta, zisipouliza akaunti ni ya nani na pesa zinaingia laini ya nani, zinaandaa wachunaji wa kizazi kingine.

Kuhusu bei, chai na kompyuta zinapigwa na upepo mmoja. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Kwa mwagizaji wa mafuta hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mnukuzi aliyelipwa dola 100, shilingi 16,000 zikawa 13,000 na kazi haikupungua hata dakika. Mkulima wa chai alipigwa vilevile: bonasi za 2025 ziliposhuka na wakulima wakalalamika, KTDA, inayosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, ilitaja mabadiliko ya thamani ya shilingi miongoni mwa sababu. Tofauti ni kwamba mkulima alikuwa na pa kulalamikia. Alijua ofisi iko wapi. Aliweza kuwaita wakurugenzi wa kiwanda wakajieleza mkutanoni, wakaonyesha hesabu, wakazomewa.

Halafu kuna mashine. Mei 2023, katika Kaunti ya Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchuna chai katika mashamba makubwa ya kampuni ya Ekaterra. Mashine moja hufanya kazi ya wachunaji wengi, na miji midogo ya Kericho imejengwa juu ya mshahara wa wachunaji. Kwetu Imenti mashamba ni madogo, yameinama, na ni ya wenyewe, kwa hiyo mashine kubwa haina nafasi. Lakini miezi sita kabla ya moshi ule, Novemba 30, 2022, ChatGPT, programu inayoandika yenyewe, ilikuwa imefunguliwa kwa umma. Waandishi wa makala na insha walianza kuona maagizo yakipungua, na wanukuzi wakageuka wasahihishaji wa maandishi yaliyotoka kwenye programu, kwa malipo ya chini. Kericho kulikuwa na kitu cha kuchoma, kukawa na habari, kamera zikaja, viongozi wakalazimika kujibu. Kwa mwandishi wa mtandaoni hakukuwa na cha kuonyesha isipokuwa ukurasa wa maagizo uliobaki mtupu. Ajira zilizopotea kwa njia hiyo hatujaziomboleza kwa sababu hatukuwahi kuziorodhesha.

Jambo chungu zaidi ni kwamba baadhi ya vijana wa Kenya walisaidia kuifunza programu yenyewe. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walikuwa wamesoma na kuweka lebo kwenye maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono kwa ajili ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, la kampuni ya Scale AI ya Marekani, lilifunga shughuli zake Kenya. Waliolitegemea waliamka wakakuta mlango umefungwa. Hakukuwa na notisi ya mwezi wala kiinua mgongo, na hakukuwa na ofisi ya kwenda.

Hapa ndipo sheria inapopaswa kuingia, na imeanza kuingia, polepole. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda mwajiriwa, na majukwaa husema kwamba hayana waajiriwa, yana wakandarasi huru. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook akiwa Nairobi chini ya Sama, aliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwaka uliofuata wachujaji wengine 184 walifungua kesi yao. Meta ilidai kwamba si kampuni ya Kenya na haiwezi kushtakiwa huku. Februari 2023 mahakama ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Siku ya Wafanyakazi ya 2023, zaidi ya wachujaji 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Ninaona uamuzi ule wa mahakama kuwa jambo kubwa kuliko kituo chochote cha kompyuta kilichofunguliwa kwa utepe, kwa sababu ulisema kwamba kazi ikifanyika kwenye ardhi ya Kenya, mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya bahari.

Serikali haijaamua iko upande gani. Kwa mkono mmoja inatangaza vijana wetu kwa wawekezaji, na iliahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi, pamoja na kilomita 100,000 za nyaya za intaneti. Kwa mkono mwingine, mwaka 2024 Bunge lililetewa mswada wa sheria za biashara uliotaka kampuni inayotoa kazi isishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni iliyoipokea kazi hiyo, na Rais William Ruto akautetea hadharani. Wakati huohuo Sheria ya Fedha ya 2023 ilikwishaweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya wanaotengeneza maudhui ya kidijitali. Anayetambuliwa wakati wa kutozwa kodi anastahili kutambuliwa wakati wa kudhulumiwa pia. Juni 2025 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulikubaliana kwamba kazi za majukwaa ziwekewe mkataba wa kimataifa wenye nguvu ya kisheria. Kenya ina sauti pale kama taifa lenye kesi zake na uzoefu wake, na ingefaa iitumie kwa niaba ya wafanyakazi.

Nimeitaja chai kana kwamba ni kielelezo safi. Sivyo. Katika ukoloni Waafrika walizuiwa kulima mazao kadhaa ya fedha, na ilipofika miaka ya 1930 Meru, Embu na Kisii zikaruhusiwa kahawa kwa uangalizi mkali. Chai ya wakulima wadogo ilikuja baadaye, na mamlaka ya KTDA ikaundwa 1964, ikageuzwa kampuni mwaka 2000. Wakulima wamelalamikia uzani, gharama za usimamizi, na wakurugenzi wanaokaa madarakani mno. Ilibidi kupigania mageuzi, na mmoja wa walioyasukuma akiwa Waziri wa Kilimo alikuwa Peter Munya, gavana wa kwanza wa Meru, hadi Sheria ya Chai ikapitishwa Desemba 2020. Kisha Julai 2021 ikawekwa bei ya chini kabisa mnadani, dola 2.43 kwa kilo, kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema. Lakini wanunuzi walikwepa chai isiyofikia bei hiyo, magunia yakarundikana katika maghala ya Mombasa, na hatimaye kiwango hicho kikaachwa.

Somo hilo linawahusu wanaodai kiwango cha chini cha malipo kwa kazi za mtandaoni, na mimi ni miongoni mwao. Kiwango kikiwekwa na nchi moja, mteja huhamia Uganda, Ufilipino au India kwa kubofya mara moja. Chai angalau imefungwa kwenye udongo. Mnunuzi anayetaka chai ya mteremko huu hana budi kuja kwenye mteremko huu. Picha ya gari inayohitaji lebo haina udongo. Ndiyo maana ushirika peke yake, bila kuchagua kazi ya kuuza, hauwezi kumwokoa mnukuzi.

Kazi zenye udongo zipo, hata hivyo. Lugha ni mojawapo. Mashine zinazosikia Kiingereza vizuri hazijui Kimeru, na Kiswahili cha Kenya, jinsi kinavyosemwa sokoni, zinakisikia nusunusu. Sauti hizo haziwezi kununuliwa Manila. Wanaozikusanya wakija, wawakute watu waliojipanga wenye bei na masharti, kuliko kuwakuta vijana mmoja mmoja wanaorekodi kwa mkopo wa bando.

Nyingine iko karibu zaidi. Mahakama za Kenya zina tatizo la miaka mingi la kumbukumbu za kesi: mara nyingi hakimu huandika kwa mkono, na anayetaka kukata rufaa husubiri mwenendo wa kesi upigwe chapa, wakati mwingine miezi mingi, wengine wakiwa rumande au gerezani. Tuna vijana waliokaa miaka wakinukuu mahojiano ya kampuni za bima za Marekani, wenye sikio zuri na vidole vyepesi. Tuna mahakama inayosubiri kumbukumbu. Hospitali zina mafaili ya karatasi, kuna rejista za ardhi na za mifugo, viwanda vya chai vina miongo ya daftari. Mnunuzi wa kazi hizo ni sisi wenyewe, analipa kwa shilingi, ana anwani, na anashtakiwa katika mahakama ileile. Hawezi kufunga akaunti usiku akatoweka.

Haitakuwa rahisi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka siri za watu zitunzwe, na kumbukumbu ya kesi ya mtoto haiwezi kutumwa kwa simu ya mtu yeyote. Inahitaji chumba kinachofungwa, kompyuta zinazosimamiwa, watu walioapishwa kutunza siri, na stima ya akiba. Zabuni za serikali huchelewa kulipwa, na kijana hawezi kula ahadi kwa miezi sita. Kwa sababu hizohizo hasa mtu mmoja hawezi, na kikundi kinaweza: kikundi hukopa kwa sacco kikisubiri malipo, hununua betri moja kubwa ya sola, husaini kiapo kwa pamoja, na kumkatia kila mwanachama bima ya afya ya mwaka, ambayo mtu asiye na mshahara hutakiwa kuilipa kwa mkupuo. Sacco ya Yetu, kule Nkubu, ilianza kama sacco ya wakulima wa chai wa Imenti Kusini. Iliweza kuwakopesha kwa sababu kilo zao zilikuwa zimeandikwa mahali. Saa za kazi za mnukuzi nazo zinaweza kuandikwa mahali, chini ya jina lake, zikawa dhamana.

Vituo vya kidijitali vya wadi vingefaa kwa hili kuliko kwa mafunzo ya wiki mbili na cheti. Kaunti ikitenga chumba kimoja, Idara ya Mahakama ikakubali kuanza na kesi zilizokwisha kuamuliwa ambazo mwenendo wake unasubiri kupigwa chapa, na mkataba ukataja siku ya kulipa, kazi inaweza kuanza kabla ya bonasi ijayo. Wanaohitajika upande wa wafanyakazi si wengi. Sheria ya Vyama vya Ushirika hutaka watu wasiopungua kumi ili kusajili chama cha msingi, na afisa wa ushirika wa kaunti ndiye wa kumwendea kwanza, wakiwa na rasimu ya sheria ndogo za chama, majina na sahihi zao.